Siku Mjomba Aliponyamaza

Banda la video la Mjomba lilikuwa Mikindani, hatua chache kutoka barabara ya Lindi. Kuta za makuti, ndani zimezibwa na nailoni nyeusi ili wasiolipa wasichungulie. Televisheni ya chogo, deki, spika mbili na maiki. Watoto shilingi 50, wakubwa 100, na msimu wa korosho ukiingia Mjomba alipandisha bei bila haya. Mimi nilikaa mlangoni kukusanya viingilio. Wenzangu wawili watatu walinilipa kwa mabibo, hesabu zikapungua, nikasingizia giza.

Mjomba alikuwa anatafsiri. Nasema hivyo kwa heshima tu. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, na pale kilipogoma alijaza mwenyewe. Mzungu akiomba chumvi mezani, Mjomba anasema kwenye maiki: "Hapo anamwambia mkewe, mimi nyumba hii silali tena leo." Watu walikuja kumsikiliza yeye, picha ilikuwa kisingizio.

The Ring tuliionyesha kwanza, ile ya Marekani ya mwaka 2002 aliyoiongoza Gore Verbinski. Mnaijua: kuna kanda, ukishaitazama simu inalia, unaambiwa umebakiza siku saba. Mwandishi wa habari, ambaye ni Naomi Watts, anaitazama na kuanza kutafuta chanzo, kisha mwanawe mdogo naye anaitazama, mama anazidi kuhangaika. Mjomba alitafsiri mwanzo mwisho. Simu ikilia yeye ndiye anapokea. Farasi alipojitupa baharini kutoka kwenye pantoni, Mjomba akasema huyo kaona nauli imepanda. Tuliogopa, ndiyo, lakini tulitoka tunacheka.

Wiki chache baadaye akaleta CD nyingine kutoka Dar, jalada limejaa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Akaamua hiyo ni sehemu ya pili, na kwenye ubao wa nje akaandika hivyo kwa chaki. Kumbe ndiyo mama yake! Ringu, ya Hideo Nakata, Japani, 1998, iliyotokana na riwaya ya Koji Suzuki. Tulikuwa tumeanza na mtoto, sasa tunamwona mzazi, na banda zima linanung'unika kwamba sehemu ya pili imerudia hadithi ileile na waigizaji wamebadilishwa.

Usiku ule Bibi alikuja kumletea Mjomba chakula. Hakuwa mtu wa video. Aliweka bakuli chini, akaniambia, "Sogea huko, mume wangu," akakaa benchi la mbele.

Na Mjomba akanyamaza. Dakika kumi za kwanza alisema mawili matatu, halafu kimya. Watu wakapiga miluzi, wakadai hela zao, wakachoka, wakatulia. Sijawahi kuona lile banda limetulia namna ile. Kikasikika Kijapani tu, na maji, na mlio wa simu.

Sadako, yule mzimu wa kwenye kanda, alipotoka kisimani, gauni jeupe, nywele zimefunika uso wote, Bibi ndiye aliyetafsiri. Hakupaza sauti. "Huyo katoka na sanda yake."

Baadaye sana ndiyo nikasoma kwamba Wajapani nao huwavika maiti wao nguo nyeupe, na mizimu yao ya kike huchorwa hivyohivyo toka zamani, weupe na nywele timutimu. Bibi hakuwa amesoma popote. Amekosha maiti wa kike miaka mingi, nguo ya safari anaijua akiiona. Hata zile siku saba: kwa Wabudha wa Japani marehemu huhesabiwa saba saba mpaka siku ya 49. Sisi wenye hitima na arobaini tunahitaji kuelezwa nini hapo? Filamu yenyewe haikueleza. Ya Marekani ndiyo iliyokaa ikatueleza kwamba ni saba kwa sababu mtoto alikaa hai kisimani siku saba. Mpaka leo napoyakumbuka maelezo yale naona kama mtu amewasha taa katikati ya hadithi ili atafute kandambili zake.

Na ule mwendo! Mwigizaji, Rie Ino, alikuwa na mafunzo ya kabuki, maigizo ya jadi ya kwao. Walimrekodi akitembea kinyumenyume kisha wakaigeuza picha. Ndiyo maana anakuja mbele huku kila kiungo kama kinavutwa kurudi. Kwetu uani kulikuwa na kisima. Sitasema nilikojoa wapi usiku ule.

Mifupa ilipopatikana, Bibi akajifunga kanga vizuri, tayari kuondoka. "Haya, wamzike sasa, tukalale." Maana kwake kesi ilikuwa imekwisha: maiti hajazikwa, anasumbua, mtoeni, mzikeni. Halafu ile televisheni kwenye picha ikawaka yenyewe, na Sadako akatoka mle ndani kumfuata yule bwana aliyehangaika naye kisimani. Bibi akarudi kukaa. "Si wamemtoa? Sasa anataka nini tena?"

Hakuna aliyemjibu. Hapo lazima niwe mkweli: Verbinski naye alikiacha kipande hicho kama kilivyo, maiti anatolewa na bado haridhiki, na ndiyo maana ile yake naiheshimu kuliko nyingi zilizofuata. Kuna kiporo kinachoshinda chakula cha jana yake. Ila marudio ya Marekani ya The Eye, 2008? Hapana, asante. One Missed Call ya mwaka huohuo sikuimaliza. Shutter ya Thailand ya 2004 nimeirudia mara nne kwa ajili ya yule mpiga picha anayelalamika shingo inamuuma, akipanda kwenye mizani inasoma uzito wa zaidi ya mtu mmoja. Wamarekani walipoirudia 2008 wakaipeleka hadithi Japani, eti Asia ni Asia. Ni sawa na kuchukua kisa cha Newala ukakipeleka Pemba.

The Grudge ya 2004 wao walimwita Takashi Shimizu mwenyewe, aliyeiongoza ile ya Kijapani, aongoze tena, nyumba ikabaki Tokyo, na Kayako, mzimu wa nyumba hiyo, akabaki mwigizaji Takako Fuji yuleyule. Hiyo nayo naikubali. Na Dark Water, hadithi ya maiti wa mtoto ndani ya tangi la maji, ya Nakata 2002 na ya Marekani 2005, zote mbili zilinipandisha juu ya mnara wa simtanki hapa ninapopanga Lindi, saa nne usiku, na tochi ya simu mdomoni. Nilikuta mjusi.

Kwa miaka nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mizimu ya Asia inatisha kwa sababu haielezwi. Mwaka jana nikaitazama Ringu kwa simu, ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, na kumbe wanaongea! Mama yake Sadako ana kipawa, kuna daktari, kuna waandishi wa habari waliomwita tapeli, yule mama akajitupa kwenye volkano. Maelezo kibao. Ni sisi tu Mikindani hatukuyapata.

Halafu kuna hili la kurudufu. Kwenye hadithi, anayeitazama kanda hupona akitengeneza nakala na kumpa mwingine. Mjomba mchana alikuwa anachoma CD na kuziuza mpaka Mingoyo. Hakuna mtu kusini aliyekuwa na kinga kumshinda.

Jumapili nilimpigia kumuuliza swali nililokaa nalo muda wote huu, kwa nini usiku ule alinyamaza. Nilitegemea aniambie aliogopa, au alimwona Bibi akaona haya.

"Maiki ilikata waya," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia nauma waya kwa meno, picha yenyewe sikuiona. Iliishaje?"

Nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nina nakala.