Kichwa kimoja kibovu: kumbukumbu ya kuokoa diski ya taarabu

Hatimaye jedwali la mafaili la ile diski ya studio ya Ngamiani limesomeka, na kwa mara ya kwanza tangu niipokee ninaona majina: folda za harusi, folda za maulidi, na folda kubwa ya taarabu ambayo ndiyo iliyonifanya niikubali kazi hii. Mzee mwenye studio alizigeuza kaseti zake kuwa mafaili ya sauti ya WAV miaka mingi iliyopita, zikiwemo zilizorekodiwa kwenye harusi za hapa Tanga zama ambazo vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vikitamba, akayaweka mafaili yote kwenye diski moja ya TB 1. Diski hiyo ilipoanza kukwama, kompyuta yake ilimshauri airekebishe kwa programu ya kukagua makosa. Namshukuru Mungu kwamba aliizima kwanza akaniletea, kwa sababu programu hiyo huandika juu ya diski wakati ambapo diski mbovu haitakiwi kuandikwa hata herufi moja.

Hatua za mwanzo nitazipita haraka. Takwimu za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, zilionyesha sekta nyingi (vile vipande vidogo vya kuhifadhia data) zinazosubiri kuhamishwa, injini ilizunguka vizuri, na hakukuwa na ule mgongano wa kichwa cha kusomea unaosikika kama saa ya ukutani. Nikaiunganisha na ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, pamoja na faili la ramani linaloandika kilichosomeka na kilichoshindikana, nikaiacha isome kilicho rahisi. Ramani iliyotoka ndiyo iliyonieleza ugonjwa. Sehemu zilizoshindikana hazikuwa zimetawanyika ovyo, bali zilijipanga kama mistari ya kitenge, sehemu njema ndefu ikifuatiwa na sehemu mbovu fupi, kwa mpangilio uleule tangu mwanzo wa diski hadi mwisho. Sehemu mbovu zilichukua kama robo ya diski nzima. Mpangilio wa namna hiyo hauletwi na mkwaruzo mmoja juu ya sahani zinazobeba data, bali na kichwa kimoja kati ya vinne kilichodhoofika, nacho hudhoofika kila kinapopewa zamu.

Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipoanza. Diski ilikuwa na mfumo wa NTFS, na jedwali kuu la mfumo huo, lile linaloandika jina la kila faili, ukubwa wake na mahali vipande vyake vilipo, kwa kawaida huanzia kama GB 3 ndani ya kizigeu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa mfumo huo. Kwenye diski hii mahali hapo paliangukia katikati ya zamu ya kichwa kibovu. Nakala ya akiba ya jedwali hilo ipo, lakini huhifadhi rekodi nne za mwanzo tu, nazo hazimsaidii mtu anayetafuta maelfu ya mafaili. Nilikuwa na robo tatu za diski mkononi bila kujua kipande kipi ni cha wimbo upi. Wapo watakaosema ningetumia PhotoRec. Ni programu nzuri ninayoiheshimu, lakini huokota mafaili bila majina wala folda, na faili kubwa la sauti lililokatwa vipande vipande hulirudisha likiwa limeharibika. Kaseti isiyo na jina la harusi wala mwaka ni hasara ya aina nyingine, na Mzee mwenyewe alinieleza wazi: "Mwanangu, bila majina sitajua nani aliimba wapi."

Kila nilipoielekeza ddrescue kwenye jedwali, diski ilisoma kidogo, ikanyamaza, kisha ikapotea kabisa kwenye mfumo hadi niizime na kuiwasha upya. Sababu yake inaeleweka mtu akitazama saa. Sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, hivyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na kidogo, na diski ikishindwa kuisoma sekta hungoja izunguke tena na tena, ikijaribu kila mbinu iliyoandikwa na mtengenezaji. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, kwa kawaida hungoja sekunde 30, kisha huamua kwamba kifaa kimekwama na kukianzisha upya. Kompyuta na diski zilikuwa zikigombana, na kisanduku cha USB nilichoanza nacho kilizidisha ugomvi kwa sababu nacho kina akili yake ya kukata mawasiliano kosa linapotokea. Sina tena imani na visanduku hivyo kwa diski mgonjwa. Vinafaa kubebea picha, lakini kazi ya uokoaji inataka waya wa SATA uliochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama wa kompyuta ya mezani, na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, nyuma yake, kwa sababu umeme ukicheza katikati ya kazi kichwa dhaifu hulazimika kuondoka juu ya sahani na kurudi bila sababu.

Kuhamia SATA kulipunguza ugomvi lakini hakukuumaliza. Kilichoumaliza ni jambo ambalo sikulitilia maanani mwanzoni, nalo ni kusoma mbele kabla ya kuombwa. Diski ikiombwa sekta moja huendelea yenyewe kuzisoma zinazofuata na kuziweka kwenye kumbukumbu yake ya muda, ikitarajia kuwa zitahitajika. Kwa diski yenye afya hiyo ni hekima, lakini kwa diski yenye kichwa dhaifu ni balaa, kwa sababu ukiomba sekta njema iliyo jirani na sekta mbovu, diski hujiingiza yenyewe kwenye ubovu na kukwama huko. Nilikuwa nikiadhibiwa kwa sekta ambazo sikuziomba. Nikaizima tabia hiyo kwa hdparm, programu ya kubadili mipangilio ya diski, nikaongeza muda wa Linux wa kungoja, nikapunguza kiasi kinachoombwa kwa mara moja hadi sekta chache, kisha nikaiamuru ddrescue isome eneo la jedwali peke yake kwa kurudi nyuma, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Tofauti ilionekana papo hapo. Mahali palipokuwa pakiiangusha diski kila mara, sasa palikuwa pakisomeka polepole lakini bila kukatika, sekta kwa sekta, na zile zilizokataa zilikataa bila kuiangusha. Feni niliielekeza juu ya diski muda wote, na kila joto lilipopanda niliisimamisha kazi nikaiacha ipumzike, kwani faili la ramani linakumbuka pale ilipoishia. Rekodi chache za jedwali hazikupatikana, lakini karibu zote zimepatikana, na ramani ya nafasi zilizotumika imepatikana nzima. Nilifurahi kupita kiasi, sioni sababu ya kuficha.

Ramani hiyo ya nafasi ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nimeipitisha kwenye ddrutility, programu msaidizi wa ddrescue, nikapata orodha ya maeneo yenye data tu, kisha nikaipa ddrescue orodha hiyo kama mpaka wa kazi. Karibu nusu ya diski ilikuwa tupu, kwa hiyo kichwa kibovu sasa hakipotezewi nguvu zake za mwisho kwenye sekta ambazo hazina kitu.

Kuna ushauri wa mitaani ambao sikuufuata. Kuweka diski kwenye friji ni hatari popote, na hapa pwani ni hatari maradufu, kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwingi, na diski ya kawaida ina tundu dogo la kupumulia ambalo chujio lake huzuia vumbi, si mvuke. Ukiitoa kwenye ubaridi na kuiwasha, umande unaweza kutua juu ya sahani ambazo kichwa hupita juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Kubadilisha ubao wa saketi ulio chini ya diski nako hakungesaidia: ubao ulikuwa mzima, na ubao wa diski nyingine ya aina ileile hubeba vipimo vya vichwa vya diski yake, hivyo mara nyingi haufanyi kazi mpaka chipu ya zamani ihamishwe.

Nilikuwa nimepanga kuendelea na duru za kujaribu tena sekta zilizokataa, lakini mpango huo nimeuacha, kwa sababu wazo jingine limeniteka. Ddrescue inaweza kujaza sekta zilizokosekana kwa maneno ninayoyachagua mimi. Nilitengeneza nakala ya nakala, nikaijaza alama moja isiyoweza kutokea kwa bahati, kisha nikatafuta mafaili yote yenye alama hiyo. Sasa nina orodha ya mafaili yaliyoumia, na nyingi kati ya harusi na maulidi hazimo.

Mafaili ya taarabu yaliyomo yamejeruhiwa kwa viwango tofauti. WAV ya ubora wa CD hutumia baiti 176,400 kwa sekunde, kwa hiyo kipande cha baiti 4,096 kikipotea ni kama milisekunde 23 za sauti. Nikikijaza sifuri badala ya alama, msikilizaji husikia mkwaruzo mdogo tu, na wimbo unaendelea mahali pake kwa sababu urefu wa faili haukubadilika. Ingekuwa video iliyobanwa, kosa hilohilo lingechafua picha kwa muda mrefu zaidi. Mikwaruzo hiyo naiziba mmoja mmoja kwa kuchukua sauti ya kando yake.

Mafaili machache yana mapengo ya sekunde kadhaa, na hayo hayazibiki kwa namna hiyo. Nilipomuuliza Mzee kuhusu kaseti zenyewe, aliniletea boksi lililojaa, nyingi zikiwa bado na karatasi zake. Jambo hilo limebadilisha kazi yote. Kuibana diski zaidi kwa ajili ya wimbo ambao kaseti yake ipo mezani ni kuihatarisha bure, hivyo juhudi za diski nazibakiza kwa mafaili ambayo kaseti zake zimepotea. Kwa mengine nimeanza kusafisha deki na kurekebisha mwelekeo wa kichwa chake kwa skrubu ndogo, huku nikisikiliza sauti nyembamba za filimbi na fidla hadi zifunguke. Sikati kipande kirefu cha kaseti na kukipachika ndani ya faili la zamani, kwa sababu hakuna deki mbili zinazokwenda kwa kasi ileile kabisa na baada ya sekunde chache sauti hupishana. Upande wenye pengo kubwa naurekodi upya wote. Upande wa kwanza umekamilika, na wa pili uko kwenye deki.