Siku moja maabara, Mbeya: tunapima mimea kwa ajili ya wazee wanaosahau

Saa 12 asubuhi. Baridi ya Juni hapa Mbeya si ya kuchezea. Napanda bajaji pale Kabwe, majaketi mawili mwilini, Loleza bado imejifunika ukungu.

Saa 2. Daftari kwanza, friza baadaye. Leo zamu ni ya dondoo za Scadoxus multiflorus, ule mmea wa ua jekundu la mviringo. Ni wa ukoo mmoja na maua ya Ulaya yaliyotupa galantamini, dawa ya Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ndiyo maana tukaanza na ukoo huu. Vitunguu vyake tulivikausha kivulini, tukavisaga, tukaviloweka kwenye methanoli. Methanoli ikishavukizwa, kinachobaki ni utomvu wa kahawia unaong'ang'ania kijiko.

Saa 3 hadi saa 6. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye ubongo, asetilikolini hubeba ujumbe wa kumbukumbu kutoka seli hadi seli, na kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kinachoivunja. Mgonjwa wa Alzheimer anayo kidogo, kwa hiyo tunatafuta kitu cha kukizuia kimeng'enya hicho ili hiyo kidogo idumu. Kimeng'enya tunachopimia kimetoka kwa samaki wa umeme wa Amerika Kusini, na kinakaa kwenye barafu muda wote. Najaza sahani ya vishimo 96 kwa pipeti: dondoo, kimeng'enya, rangi ya Ellman. Kimeng'enya kikifanya kazi, kishimo kinageuka njano mbele ya macho yako. Kikizuiwa, njano inachelewa. Safu moja ni ya galantamini ya kulinganishia, nyingine ni ya dondoo bila kimeng'enya, maana rangi ya mmea wenyewe inaweza kuidanganya mashine.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie. Leo ananivuta pembeni.

"Dada, mama mkwe hajui tena njia ya kurudi nyumbani. Na majirani wameshaanza maneno, eti ni mchawi. Si unigawie hata kidogo hiyo mizizi yenu?"

"Hapana mama, hiyo ni sumu."

Namweleza kwa kitu anachokijua. Wakulima wa viazi Uyole wanapopulizia dawa za wadudu bila kujikinga, baadhi ya dawa hizo huzuia kimeng'enya kilekile: mate yanamtoka mtu, kifua kinabana, moyo unapungua mwendo. Tofauti ya dawa na sumu ni kipimo, na kipimo cha mmea huu hakuna anayekijua bado. Nikamsihi ampeleke bibi hospitali, kwani usahaulifu mwingine unatokana na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo au sonona, na hayo yana tiba.

Yale maneno ya majirani yamenichoma. Kule Calabar, Nigeria, watuhumiwa wa uchawi walikuwa wakipewa maharage ya sumu kama kiapo, sawa na mwavi wa huku kwetu. Sumu ya maharage hayo, fisostigmini, ndiyo iliyowapa wakemia mfano wa kuunda rivastigmini, ambayo leo wanapewa wazee wenye demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mzee anayesahau anahitaji daktari na mtu wa kumshika mkono. Kumwita mchawi ni ukatili.

Saa 9. Matokeo. Vishimo vya dondoo kali vimebaki na njano hafifu, na safu ya kudhibiti rangi iko safi. Nimefurahi kweli! Ila kimeng'enya kimezuiwa ndani ya plastiki, si ndani ya mtu. Bado kuna kupima kama inaua seli, kisha wanyama, kisha idhini za maadili kabla ya binadamu yeyote kuionja. Hata galantamini yenyewe hupunguza dalili tu, haiponyi.

Saa 11. Nimerudia sahani, majibu yanakaribiana. Kesho tunaitenganisha dondoo kwenye mrija uliojazwa unga wa silika tujue ni kiambato kipi kinachozuia. Kabla sijafunga nimempigia mama ntilie: Ijumaa asubuhi tunampeleka bibi kliniki, mimi nitatangulia kushika foleni.