Daftari la viazi: wiki ya kurudisha majina

Jumatatu, Uyole, Mbeya. Mvua tangu alfajiri, umeme umekatika mara mbili. Leo nilipanga kumaliza ukurasa wa ripoti kwenye programu yangu ya kurekodi mauzo ya viazi. Sikuugusa. Kijana wa Iringa anayenisaidia kaniandikia: "Kaka shikamoo. Kazi nimeona imeingia, ila mimi simo."

Nikafungua Git, programu inayotunza kumbukumbu ya nani kabadili nini kwenye mradi. Kweli hayumo. Alileta komiti 14, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa kila moja na jina la mwandishi, nami nikazikunja kuwa moja kwa `git merge --squash` ili historia ipendeze, kisha nikakomiti mwenyewe. Hapo Git inakuandika wewe. Siilaumu, maana ina nafasi mbili, ya aliyeandika na ya aliyeingiza: Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambako mtu hutuma kiraka (marekebisho) kwa barua pepe na mwingine akakiingiza. Mimi nilikalia viti vyote viwili.

Jumanne. Nimeirekebisha komiti ile kwa `--author`, sasa ina jina la kijana. Kubadili historia iliyokwisha kusambazwa kunavuruga nakala za wenzako, na kwenye mradi mkubwa nisingethubutu. Sisi tuko watatu tu, nikapiga simu wavute upya. Huyo wa tatu alikuwa anahesabiwa kama watu wawili, kisa barua pepe mbili. Faili la `.mailmap` limemuunganisha, dakika tano.

Alhamisi. Anayeninyima usingizi hana komiti hata moja. Ni mama muuza viazi wa Mwanjelwa, aliyeijaribu programu mwezi mzima, akaniuliza: "Mwanangu, hii simu yako haiijui lumbesa?" Nilikuwa nimeweka kila gunia kilo 100, wakati lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kiasi! Hesabu zote zilikuwa zinapotoka na sisi watatu hatukuona. Wanaotengeneza Linux huandika mstari wa `Reported-by` kwa aliyegundua kosa. Nimeiga, nikaongeza na ukurasa wa majina ndani ya programu, kwa kuwa huyu mama hatafungua Git hata siku moja.

Jumamosi. Kabla ya kusambaza nikaenda sokoni kumwomba ruhusa. Nikamweleza kwa furaha kwamba jina lake litakaa ndani ya kodi. Akaacha kupanga viazi.

"Kodi? Hapana baba, lifute."

Nilimfafanulia kuwa kodi hii ni maandishi ya programu, si ya serikali, akacheka, lakini hakulegea. Toleo jipya limetoka jioni hii, limeandikwa "Mama Lumbesa, Mwanjelwa". Kalichagua mwenyewe.