Siku Moja Maishani Mwangu: Ndoo, Jembe na Fomu

Saa moja asubuhi napanda daladala la Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, nikiwa na ndoo ya lita 10 na majina ya walengwa wanne wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ambao uongozi wa mtaa umeomba niwapime uwezo wao wa kufanya kazi kabla Ajira za Muda, yaani kazi za ujira za mfuko huo, hazijaanza.

Saa mbili na nusu nipo kwa mzee aliyekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia na korona, mashine ya kuchakata mkonge, zamani alipokuwa kibarua wa mkonge. Namwamkia shikamoo; anaitikia marahaba, kisha anauliza, "Umekuja kuniandika au kunifuta, mwanangu?" Namweleza kwamba kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi haifutwi kwa sababu hiyo, ila yeye mwenyewe anaitaka kazi. Ndoo anaibeba kwa mkono wa kushoto. Jembe linamponyoka baada ya dakika chache, lakini kujaza udongo kwenye viriba vya miche hakumsumbui, nami naandika hivyo hivyo.

Saa nne naketi na binti mwenye kifafa, na hapa sina haraka. Kwa kuwa hana alama ya kuonekana, msimamizi amemwandika "mzima" na kumpangia kuchimba lambo. Namuuliza huanguka mara ngapi, kama huhisi dalili kabla, na kama dawa anazimeza kila siku. Anakiri kwamba siku za kliniki huzikosa akihofia kukatwa ujira. Napendekeza apelekwe kwenye kitalu, mbali na maji na mashimo, asiachwe peke yake, na ratiba yake ipishe siku za kliniki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautaja ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa na fursa ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine. Kwa kipimo hicho, hata ratiba ya msimamizi imo ndani ya ulemavu wa binti huyu.

Saa saba ni mama mwenye mimba ya miezi minane. Huyu hahitaji ndoo, anapumzishwa.

Wa nne, aliyeandikwa "hawezi kutembea", hayupo nyumbani. Jirani anacheka: "Kaenda kuvua." Saa tisa namwona akishuka kwenye ngalawa kwa mikono, akijiburura mchangani na tenga la samaki likiletwa nyuma yake na kijana. Fomu ina nafasi ya jibu moja. Naigeuza, naandika nyuma yake: hatembei, anavua akiwa ameketi.