Chembe za kaboni zinazong'aa: nilivyojua kinachong'aa ni nini

Kuzitengeneza chembe hizi ndogo sana za kaboni hakukunisumbua. Unayeyusha asidi ya sitriki kwenye maji, unaongeza ethilinidiamini, unamimina kwenye kikombe cha Tefloni kilichomo ndani ya chombo cha chuma, unafunga na kuacha kwenye oveni kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa 5. Usijaze kikombe hadi juu, na usikifungue mpaka kipoe chenyewe, maana shinikizo la ndani si la mchezo. Kinachotoka ni maji ya kahawia. Yazimue, yamulike kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365, nayo yanawaka buluu kiasi kwamba kila anayepita maabara anasimama kuangalia.

Taarifa ya njia hii ilipochapishwa mwaka 2013 ilitaja ufanisi wa takriban asilimia 80, yaani kati ya fotoni (vipande vidogo kabisa vya mwanga) 100 zinazofyonzwa, kama 80 zinarudi zikiwa mwanga. Mimi nilitaka kwanza kujua nani anayeng'aa humo.

Nilitia maji yale kwenye mfuko wa utando unaozuia vitu vizito kuliko daltoni 1,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), nikaufunga ncha zote mbili na kuuzamisha kwenye bika kubwa la maji safi. Baadaye nikazima taa za chumba na kumulika bika. Maji ya nje ya mfuko yalikuwa yanawaka buluu kuliko nilivyotarajia. Huo haukuwa mwanga wa chembe. Asidi ya sitriki na ethilinidiamini, zikipashwa moto pamoja, huzaa pia molekuli ndogo zenye mng'ao mkali sana, nazo ndizo zilizokuwa zinapenya utando. Nikawa nabadilisha maji, namulika, nabadilisha tena, hadi ya nje yakabaki giza. Ukiniuliza kipimo cha usafi, ni hicho. Siku za kwenye kalenda hazinihusu.

Kilichobaki mfukoni kilikuwa kimefifia. Nilikilinganisha na kwinini salfeti, kemikali inayong'aa, ndani ya asidi ya salfuriki, ambayo ufanisi wake unajulikana kuwa asilimia 54, huku nikizimua sampuli zote mpaka ufyonzaji ukawa chini ya 0.1, kwa sababu mmumunyo mzito humeza mwanga wake wenyewe. Namba ilishuka sana. Naipenda hivyo hivyo, kwa kuwa ni ya chembe. Tena chembe hizi zenyewe zilianza kama uchafu: mwaka 2004 watafiti wa South Carolina, Marekani, walikuwa wanasafisha neli za kaboni zilizotoka kwenye masizi, wakakuta kitu kinachong'aa ambacho hawakukitafuta.

Nilipozitia chembe kwenye seli hai ili nizipige picha, buluu ilinipa shida nyingine. Seli hai zina mng'ao wake wa asili wa buluu na kijani, hivyo picha nzuri inaweza isithibitishe chochote. Kila mara niliweka pembeni seli zisizo na chembe, nikazipiga picha kwa mwanga uleule na muda uleule. Kisha nikahamia chembe nyekundu, zinazotokana na para-fenilinidiamini iliyopashwa moto ndani ya ethanoli. Hapo tofauti ilionekana waziwazi: saitoplazimu, yaani sehemu inayozunguka kiini cha seli, iliwaka, kiini kikabaki kama tundu jeusi katikati. Nilipoziweka seli kwenye nyuzi 4 pamoja na chembe, mng'ao wa ndani ulipungua sana. Baridi huzuia seli kumeza vitu, kwa hiyo nikaamini kuwa sehemu kubwa inaingia kwa kumezwa, haipenyi tu kwenye utando wa seli.

Upande wa kuzitumia kwa nishati ya jua nimefika mbali kidogo tu. Chembe zikikaushwa zenyewe hurundikana na mwanga kuzimika, ndiyo maana nazichanganya kwa uchache na polivinili alkoholi, aina ya plastiki, na kuipaka juu ya kioo. Kioo kinafyonza jua usoni na kupeleka mng'ao kwenye kingo zake, ambako unabandika vipande vyembamba vya seli za sola. Za buluu hufyonza urujuanimno zaidi, na hiyo ni sehemu ndogo ya nishati ya jua. Nyekundu hufyonza zaidi, lakini mwanga wake mwingi unamezwa na chembe jirani kabla haujafika ukingoni. Sasa hivi ninahangaika na kuongeza umbali kati ya rangi ambayo chembe zinafyonza na rangi ambayo zinatoa; hilo likikaa sawa, kioo kinaweza kuwa kipana zaidi.