Nimepata kikundi cha kuacha pombe

Wengi mmeniuliza mbona siku hizi sionekani jioni. Nahudhuria mikutano ya Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha pombe. Ilianzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili waliogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kurudi kwenye chupa. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja tu, uwe na nia ya kuacha kunywa.

Niliogopa sana kukutana na mtu anayenifahamu. Kumbe humo watu hutajana kwa jina la kwanza tu, na yanayosemwa humo hubaki humo. Mama mmoja wa makamo alisimulia alivyokuwa akificha chupa ndani ya ndoo ya nguo chafu. Hakuna aliyemcheka, kumkatiza wala kumpa mawaidha. Wakamshukuru, akafuata mwingine. Zamu yangu ilipofika nilitaja jina langu, sauti ikakata. Walinisubiri. Sijawahi kusubiriwa vile.

Mzee mmoja alinipa namba yake: "Hamu ikikushika, nipigie kabla hujanyanyua glasi, siyo baadaye." Nimeshampigia usiku wa manane, akapokea.

Tafadhali sana, kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla bila kumwona daktari. Mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege, na inaweza kuua. Mimi nilianzia kwa daktari ndipo nikaenda kikundini. Anayetaka kusindikizwa mara ya kwanza aniandikie pembeni, nitakwenda naye.