Kisu Changu Hakikuingia Kibanjani

Kutoka Bukoba mjini hadi Maruku si mbali, ila dereva wa bodaboda alinitoza kama ananivusha kwenda Uganda. Nililipa, maana mvua ilikuwa inanyemelea.

Nilikuwa nakwenda kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kuona TARIBAN, aina nne za migomba zilizoidhinishwa mwaka 2021. Watafiti wamehangaika na uzao huu zaidi ya miaka 20. Ndizi tunayokula haina mbegu, kwa hiyo ua jike hupakwa chavua ya mgomba pori, mkungu ukiiva unapondwa kusaka punje chache, kisha kiini cha punje kinalelewa kwenye chupa maabara. Kituoni nilionyeshwa, nikaitikia, basi.

Kilichonishangaza kilikuwa kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, cha mzee mmoja jirani. Baada ya salamu tu akauliza, "Mwanangu, una kisu?" Ninacho, kidogo cha kumenyea matunda. Akakichukua, akakiweka juu ya kizingiti nje, kama askari wa geti. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, na hauna dawa. Mgomba mgonjwa ukiukata, unatoa usaha wa njano. Kisu hichohicho ukikipeleka kwa mwenzake, umemwambukiza. Panga lake mwenyewe hulipitisha motoni kabla ya kuhamia shina lingine.

Wadudu nao huubeba kutoka kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Kwa hiyo chane ya mwisho ikishatoka analivunja, na si kwa chuma: kwa mti mrefu wenye panda. Analinasa, anazungusha, ka! Akanipa nijaribu. Ua lilianguka sawia, na utomvu ukanimwagikia kifuani. Shati lilikuwa jipya. Sasa lina ramani ya kahawia ambayo hakuna sabuni iliyoigusa, na aliyeniuzia aliniapia kwamba halishiki doa.

Mchana tukaandaliwa vyungu viwili, Nshakala, ndizi ya kienyeji, na TARIBAN. Mzee alisifu mkungu mpya kwa uzito na kwa majani yanayostahimili ugonjwa wa madoa meusi. Mke wake hakuzunguka: "Hiyo ya kuuza. Hii ndiyo chakula."

Mimi wa Dar, niliyezoea ndizi zilizochoka kwenye lori, nikasema zote tamu. Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Muongezeeni ya kuuza," akasema, "huyu hana ulimi."